Baiskeli ya Mazoezi Nyumbani: Tuchague Ipi?



Katika kliniki ya presha na kisukari, wazazi hutueleza kwamba watoto wao walioko mjini wanataka kuwanunulia baiskeli ya mazoezi. Wanatuuliza: Je, inafaa? Na tuchukue ya namna gani?

Faida yake

Kukanyaga pedali huupa moyo kazi, husaidia kushusha presha na sukari, wala hakuumizi magoti kama kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Mama anayelima na kuchota maji kila siku hana haja ya mashine. Inamfaa anayeshinda amekaa, au anayeogopa magari barabarani.

Aina tatu

1. Stendi ya kubana gurudumu la nyuma la baiskeli ya kawaida. Huchukua nafasi ndogo, lakini baiskeli yenye karia na nati kubwa huenda isiingie. Nenda nayo dukani ujaribu. Gurudumu huzunguka wazi, hivyo watoto wakae mbali.

2. Baiskeli ya mazoezi ya kukaa wima. Huwafaa walio wengi.

3. Yenye kiti kipana na egemeo la mgongo. Ni nzuri kwa wazee, wenye maumivu ya mgongo na wanaopepesuka, ila huchukua nafasi kubwa.

Kabla ya kulipa

Mtumiaji mwenyewe aipande. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Isiyumbe. Uzito iliyotengenezwa kuubeba uzidi uzito wake. Ajaribu kukaza na kulegeza. Uliza kama inahitaji umeme. Nyingi za sumaku hukanyagwa bila umeme.

Tahadhari

Baiskeli si badala ya vidonge. Mgonjwa wa presha akijisikia vizuri na kuacha dawa, anaweza kupatwa na kiharusi. Kwa hiyo fedha ya dawa isiguswe kununulia mashine. Kama haitoshi kwa yote mawili, nunueni dawa, na baba atembee kwa miguu hadi kanisani.

Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika na akague nyayo baada ya mazoezi. Anayetumia insulini aweke sukari karibu. Akitetemeka na kutoka jasho la baridi, aache na ailambe mara moja.

Anza na dakika 5 au 10, ukiongeza polepole. Kasi nzuri ni ile inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha, uje hospitali siku hiyo hiyo.

Enyi watoto mlioko mjini, kabla ya kutuma zawadi hiyo, mwulizeni kwanza mzazi: Vidonge vya mwezi huu vipo?