Kibarua Asiye na Namba (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha kijana wa Embu akiwa na kipande shingoni. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara aliolipwa. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Serikali ilijua alipo, anamtumikia nani, na kama ametoroka. Leo tunapanda hadi ukanda wa chai kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya tumtazame mjukuu wake. Huyu hana namba hata moja kazini kwake, na kwa maoni yangu mengi yanayomsibu yanatokana na hilo.

Lakini tuanze na jani lenyewe. Jani la chai likishachunwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua ndani ya kikapu, na likishindiliwa gunia hupata joto, hubadilika rangi na kuharibika. Kwa hiyo ni lazima lifike kiwandani siku ileile. Huko hutandazwa juu ya matanki marefu yenye wavu, feni zikapuliza hewa usiku kucha mpaka linyauke. Kisha hupitishwa kwenye mashine za kusaga na kuchana, huachwa kidogo ligeuke rangi ya shaba, na mwisho hukaushwa kwa joto la boila za kuni. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kwa kuwa majani hufika jioni, mashine hunguruma usiku. Anayeishi karibu na Rukuriri, Mungania, Githongo au Michimikuru ameuzoea mngurumo huo kama sauti ya mto.

Saa ya kiwanda, basi, haimhusu tu anayefanya zamu ndani ya uzio. Inamwamsha pia mtu aliye kilomita kumi mbali ambaye hajawahi kuingia lango la kiwanda. Friedrich Engels alipochapisha kitabu chake kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza mwaka 1845, alieleza jinsi maskini wa Manchester walivyojazana kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakiwa wamekifuata kiwanda kilipo. Huku kwetu kiwanda ndicho kilichomfuata maskini shambani, na usiku kikamwacha alale alikokuwa akilala. Ndiyo maana msafiri wa barabara ya Embu, Runyenjes na Chuka mpaka Meru huona migomba, mikahawa na vilima vya kijani, akarudi Nairobi na kusifu hewa safi.

Kahawa ilitangulia chai. Walowezi walipinga kwa miaka mingi Mwafrika kuipanda. Walitaja magonjwa ya mimea na wizi, ila nyuma ya hayo kulikuwa na hesabu nyepesi: mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mzungu. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu jaribio dogo huko Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya walowezi ya Kiambu na Thika. Mlango ulifunguliwa kwa upana wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na waasi, kupitia mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, na hapo panataka kutazamwa polepole. Katika miezi hiyohiyo familia za Wagikuyu, Waembu na Wameru zilikuwa zikiswagwa kwenye vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800. Ardhi ikaanza kuunganishwa, kupimwa na kuandikiwa hati wakati baadhi ya wenyewe wako kizuizini. Mpango wenyewe haukuficha nia. Ulitarajia kwamba mkulima hodari angeongeza ardhi na mnyonge angeipoteza, pazuke tabaka la wenye mashamba na tabaka la wasio nacho, na ukaliita jambo hilo hatua ya kawaida ya maendeleo.

Aliyebaki na ekari mbili akaitwa mkulima. Aliyekosa akaitwa kibarua.

Kwa upande wa chai, mwaka 1964 mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba ilibadili maisha ya watu wengi. Nyumba za mawe na karo za shule zilitoka kwenye majani yale. Mkulima husajiliwa, hupewa namba, na kila kilo inayopimwa huandikwa kwenye namba hiyo. Hulipwa kiasi kwa mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ikija vizuri, maduka ya Nkubu na Runyenjes hujaa. Ikija vibaya, magazeti huandika na wanasiasa huja kuhutubia.

Kwenye hesabu hiyo kibarua hayumo. Kilo alizochuna ni za namba ya mwenye shamba, na malipo yake ni makubaliano ya mdomo, shilingi kadhaa kwa kilo. Wengi hupanda kutoka nyanda kavu za Tharaka na Mbeere mvua inapokosa. Hulala kwenye kibanda cha mbao pembeni mwa shamba, au hukodi chumba cha mabati sokoni kwa kuchangiana. Asubuhi umande huwalowesha hadi kiunoni, japo wamejifunga nailoni na kuvaa gambuti. Utomvu hufanya vidole kuwa vyeusi, weusi usiotoka kwa sabuni. Mwezi wa Julai baridi inapokaza, chipukizi hukua polepole, na mtu huchuna siku nzima asijaze kikapu. Anayelipwa kwa kilo hubeba hasara ya hali ya hewa mgongoni mwake, juu ya kikapu.

Kisha kuna kungoja, ambako sijaona kukitajwa mahali popote. Niliwahi kukaa kwenye kituo cha kununulia majani upande wa Imenti tangu saa tisa alasiri hadi lori lilipowasili gizani, matairi yamejaa matope. Akina mama walikaa juu ya magunia wakitoa majani makavu na vijiti, maana karani hukataa majani machafu. Saa nne hizo hazikuwa za kuchuna, kwa hiyo hazikuwa na bei.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua alipwe mwisho wa siku, na akiendelea kazini siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi mwenye haki zake. Ni kifungu kizuri. Ila tajiri ni nani hapa? Mara nyingi ni mjane mwenye nusu ekari anayesubiri yeye mwenyewe pesa za mwezi, na ambaye majani yake yakipungua huenda kuchuna kwa jirani. Kiwanda hakimjui kibarua, na anayemjua hana uwezo wa kumtimizia sheria. Mkoloni alimhesabu mno babu yake. Sisi tumemwacha mjukuu nje ya daftari.

Lori lilipofika jioni ile, karani aliwasha tochi akaanza kuita, namba kisha jina la mwenye shamba. Kila jina liliitikiwa "niko!" na mtu mwingine kabisa, aliyeinua gunia kulipeleka kwenye mizani.

(Itaendelea. Wiki ijayo tutateremka Mbeere, kwenye mabwawa ya Mto Tana.)