Barabara Kuu: Urefu Wake na Mipaka Yake

Barabara kuu inayopita vijijini kwetu si lami peke yake. Tukitaka kuijua, tuulize mambo mawili.

La kwanza ni urefu. Barabara haipimwi kwa mstari ulionyooka kutoka mji hadi mji, bali hupimwa katikati yake, kona kwa kona, tangu inapoanza mpaka inapoishia. Ndiyo maana miji miwili huonekana karibu kwenye ramani, na safarini ikawa mbali.

La pili ni mipaka. Hapa Tanzania, eneo la hifadhi lilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 zikawa mita 30, yaani upana wa mita 60 kwa jumla. Ndipo tukaziona alama za X: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya mipaka ya zamani, ambaye halipwi, kijani kwa aliyekutwa katika mita 7.5 zilizoongezwa, ambaye anastahili fidia.

Basi kabla ya kujenga nyumba, duka au madrasa, tupime kuanzia katikati ya barabara, si ukingo wa lami, kisha tuwaulize TANROADS. Kununua kamba ni rahisi kuliko kujenga mara mbili.