Gea ya Kuondokea Gari la Mzigo

Ndugu Makatibu, klachi ya gari la chama ikiungua njiani, zabibu za wanachama wa Hombolo huharibika juani. Mara nyingi chanzo ni dereva kuondoka kwa gea ya pili hali gari limejaa. Wengine huona huo ndio ufundi! Injini hulemewa, naye huishikilia klachi nusu, sahani ikisuguana mpaka inanuka. Gari lenye mzigo, au lililo kwenye mpando kama ile ya Mpwapwa, liondoke kwa gea ya kwanza. Ya pili yafaa gari tupu kwenye tambarare. Katika tope la mbuga za Bahi pia, gari jepesi huondoka vyema kwa ya pili, kwani nguvu ya gea ya kwanza huzungusha magurudumu yakazama. Gari likishaondoka, mguu utoke kwenye klachi kabisa.