Moshi Safi, Gari Likakataliwa

Katika jimbo la California, Marekani, mpango wa kupima moshi wa magari ulianza mwaka 1984. Magari mengi ya petroli hupimwa kila baada ya miaka miwili, na gari likishindwa, mwenyewe hapati kuhuisha usajili.

Wapo wanaoshangaa moshi ukiwa safi na gari likakataliwa. Sababu ni kwamba mkaguzi hategemei mashine peke yake. Hufungua boneti akatazama. Akikuta kasha la chujio la hewa limeng'olewa, na mahali pake pamefungwa bomba lenye chujio la wazi, hutafuta namba ya kibali cha Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo hilo. Kibali kisipopatikana, gari limeanguka.

Kubadili chujio kwa jingine la umbo lile lile, ndani ya kasha lile lile, si kosa. Kosa ni kugeuza njia ya hewa, ambayo katika magari mengi ndiyo yenye kifaa cha kuipimia injini hewa inayoingia.

Basi mnunuzi aulize namba hiyo kabla ya kulipa, na ahakikishe inataja gari lake. Mngurumo mtamu haulipi gharama za gari lililolala nyumbani.