Injini Iliyogoma: Tuliyojifunza Oldeani

Wenzetu tuliofuatana nao bara wamekwisha kusimulia khabari za baridi ya Oldeani, nasi hatutairudia, ijapokuwa ni kweli kwamba asubuhi ya kwanza hapana hata mmoja wetu aliyetaka kutoa mikono mfukoni. Tulikwenda kutazama kahawa. Mashamba yako ubavuni mwa mlima, juu ya Karatu, na baadhi yao yalifunguliwa na walowezi wa Kijerumani katika miaka ya 1920 na 1930. Lakini tuliyorudi nayo si mambo ya kahawa. Ni mambo ya majahazi yetu.

Kahawa mbivu ikichumwa leo haitaki kulala. Isipomenywa upesi huchacha, kama karafuu mbichi zilizorundikwa ukumbini mvua ikinyesha. Basi siku ile tulipofika, injini ya dizeli inayozungusha mashine ya kumenyea ilikuwa imegoma, na nje magunia yamepangwa yanangoja. Kila ikibonyezwa swichi hugonga mara moja, “ta!”, kisha kimya. Sisi tulitazamana. Mlio ule tulikuwa tunaujua.

Wanachama mtakumbuka mkasa wa jahazi la wenzetu lililotoka Wete msimu uliopita kwenda Unguja. Upepo ulikufa njiani, tanga likalala, na mkondo ukaanza kulisukuma jahazi kwenye mwamba. Nahodha akaiita injini: “ta!”, kisha kimya. Nanga ilishika, Alhamdulillahi, na watu wote walisalimika. Ila mvua iliwakuta pale pale, na magunia ya juu yakarowa. Karafuu zilizorowa sote twajua bei yake. Lililotuuma zaidi ni kwamba majuma mawili kabla ya safari ile jahazi lilikuwa limetiwa betri mbili mpya, kwa shauri la fundi mmoja ambaye hatumtaji jina. Za zamani ziliuzwa kama vyuma chakavu.

Tukarudi kwa kijana wa Oldeani. Ni fundi wa Kiiraqw, mpole, hana vyombo vingi: spana, msasa, na kipimo kidogo cha umeme. Alitusalimu, “Shikamooni, wazee wangu,” kisha akatuambia neno ambalo tungelilipata mapema tungeliokoa fedha: “Msinunue kitu kabla ya kupima.”

Alipima betri kwanza. Ilikuwa imetulia, akapata volti 12.6, na hiyo ndiyo betri iliyojaa, ingekuwa 12.2 ingekuwa imebaki nusu. Akamwambia mwenzake abonyeze swichi huku yeye anatazama. Volti hazikushuka ila kidogo. Hapo, alisema, betri haina kosa. Stata inapozunguka hula umeme mwingi mno, na betri lazima ishuke; isiposhuka, maana yake umeme hautoki, umezibwa mahali. Betri dhaifu huonyesha kinyume: mshale huanguka vibaya.

Kisha akafanya jambo ambalo hatujapata kuliona. Mguu mmoja wa kipimo aliuweka juu ya kichwa cha hasi cha betri, wa pili juu ya chuma cha injini kilicho tupu, bila rangi. “Bonyeza!” Kipimo kikaonyesha volti 9. Mahali hapo, penye waya mnene na nati yake, pasingepasa kupotea hata nusu volti. Betri ilikuwa inatoa kumi na mbili, na tisa zinafia njiani. Akaifungua nati: chini yake mna rangi na kutu. Msasa, nati ikakazwa, grisi ikapakwa juu. Injini ikanguruma, na watu wa magunia wakapiga kelele kama watoto wa skuli.

Tulimwuliza mengi jioni ile. Alitueleza kwamba kwao adui ni baridi na vumbi: baridi huipunguzia betri nguvu wakati ule ule inapoifanya oili kuwa nzito. Kwetu adui ni chumvi, na chumvi ni mbaya zaidi, kwani huingia ndani ya mpira wa waya na kutambaa, shaba ikawa nyeusi huku nje waya unang'aa. Dizeli yenyewe haina plagi. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ikisha kuwaka, injini nyingi hazihitaji umeme, isipokuwa zile ambazo njia ya mafuta hushikwa wazi kwa umeme. Nahodha na ajue ya kwake ni ya namna gani.

Tuliporejea Pemba tulikwenda moja kwa moja melini. Tukapima kama tulivyofundishwa. Upande wa hasi ulikuwa safi. Waya mnene wa chanya, kutoka betri hadi stata, pia safi. Twakiri tulianza kukata tamaa, na mmoja wetu alikwisha kusema kipimo kibovu. Ikabaki ile waya nyembamba inayotoka kwenye swichi kwenda kuiamsha stata. Swichi ikibonyezwa, zilifika volti 7 tu. Tukaifuata kwa mkono mpaka chini, karibu na ngama, tukakuta imeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na maji ya bahari yamo ndani. Tuliikata shubiri kadhaa kabla ya kuipata shaba nyekundu. Waya mpya uliopakwa bati, umepitishwa juu mbali na maji, na injini ikawaka kwa mbonyezo mmoja. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya betri moja.

Injini ikiwa inakwenda, pimeni tena kwenye betri: iwe baina ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya 13, tazameni kwanza mkanda wa oltaneta kama umelegea. Wala msiivue betri injini inakwenda ati mjaribu oltaneta, mtaiunguza. Na sigara iwe mbali, kwani betri inayojazwa hutoa hewa inayoripuka.

Chama kimenunua kipimo kama kile cha kijana wa Oldeani. Kipo afisini, ndani ya kabati la vitabu vya mizani. Mwanachama mwenye chombo aje akichukue kabla ya kupakia, atie saini, na akirudishe kikavu.