Kutoka Njaa ya Mtunya hadi Ukomo wa Ulimwengu: Lugha ya Kusimulia Mwisho

Utangulizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja mwisho wa vitu vyote, lakini maneno hayo hayarejelei jambo moja. Makala haya yanapambanua viwango vitatu: mwisho wa nchi, mwisho wa dunia na mwisho wa ulimwengu. Yanaonesha kuwa kila kiwango kina msimulizi wake na umbo lake la kisarufi, na kwamba kuvichanganya kunapotosha istilahi za sayansi.

Mwisho wa nchi

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili. Kwa Wagogo wa Dodoma, mvua ilikuwa dhamana ya mtemi, aliyetunza mawe ya mvua kwa niaba ya nchi yake. Ukame, basi, haukuwa upungufu wa maji pekee. Ulikuwa dalili kwamba mpangilio wa nchi umevurugika. Njaa ya Mtunya (1917–1920) ilifuatia vita ambamo majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua mifugo, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* (1954), alizaliwa Dodoma mwaka huohuo wa 1917.

Jambo la kuzingatia ni kwamba njaa hiyo ilipewa jina. Anayetoa jina ni aliyesalia. Kwa hiyo, masimulizi ya kiwango hiki yanapotolewa kwa Kiswahili, viambishi vyake ni *-li-* na *-ka-*: mvua ilikatika, watu wakahama, nchi ikabaki tupu.

Mwisho wa dunia

Neno *kiyama* lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kusimama: wafu watasimama kuhukumiwa. Kimaana, basi, kiyama si kutoweka bali ni kufufuka na kutoa hesabu. Kiambishi chake kikuu ni *-ta-* cha yakini, kwa kuwa msimulizi hapokei habari kutoka kwa mashahidi bali kutoka katika ufunuo. Euphrase Kezilahabi, katika *Mzingile* (1991), anaiachia fasihi nafasi ya kati: maangamizi yanatokea, lakini binadamu anabaki ili aanze upya.

Mwisho wa ulimwengu

Kosmolojia haina aliyesalia wala ufunuo. Mwaka 1929, Edwin Hubble alionesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1998 ikabainika kwamba utanukaji huo unaongezeka kasi, na chanzo chake kikaitwa nishati giza. Ulimwengu una umri wa takribani miaka bilioni 13.8. Jua litavimba na kuwa jitu jekundu baada ya miaka ipatayo bilioni 5. Huo huenda ukawa mwisho wa dunia kama sayari, si wa ulimwengu. Kuhusu ulimwengu wenyewe, mustakabali unategemea tabia ya nishati giza. Ikibaki ilivyo, nyota zitazimika na joto litasambaa kwa usawa hadi pasiwe na kazi inayoweza kufanyika. Ikiongezeka nguvu, huenda hata atomu zikapasuliwa. Ikigeuka na kuvuta, ulimwengu utajikunja. Vipimo vya mradi wa DESI vilivyotolewa 2024 na 2025 vimedokeza kuwa huenda nishati hiyo inabadilika. Hapa sarufi inayotawala ni ya *-ki-* na *huenda*.

Tatizo la istilahi

Hali ya kwanza kati ya hizo ikitafsiriwa neno kwa neno kuwa *kufa kwa joto*, msomaji wa Kiswahili ataielewa kinyume. *Kwa* katika *kufa kwa njaa* na *kufa kwa kiu* huonesha sababu. Hivyo ulimwengu utaonekana kuuawa na joto kali, ilhali utakuwa baridi mno. Kwa msomaji wa Dodoma, anayejua ukame, kosa hilo litaonekana kuwa na mantiki. *Ukomo wa mtiririko wa joto* ni istilahi ndefu, lakini haipotoshi.

Hitimisho

Mwisho wa nchi husimuliwa na aliyesalia, wa dunia na aliyeamini, wa ulimwengu na anayekokotoa. Mwandishi wa sayansi anayetumia *kiyama* kwa kiwango cha tatu huingiza hukumu na ufufuo mahali ambapo hesabu haina vyote viwili. Neno *ukomo* halibebi mzigo huo, na linafaa zaidi.