Mabamba ya dhahabu na mifupa ya Mtwapa: tupime kwa mizani moja

Mwezi huu vijana watatu, mmoja wa Likoni na wawili wa Kisauni, wameniuliza jambo moja: hawa Wamormoni ni kina nani, kitabu chao kimetoka wapi, na sisi tuwajibu vipi? Maswali mawili ya mwanzo ni mepesi. La tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike.

Jina lao wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 1991, na Mei 2025 wakazindua hekalu lao la kwanza nchini, huko Nairobi. Wahubiri wao vijana hutembea wawili wawili, shati jeupe na beji ya jina kifuani. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, na hata chai na kahawa hawagusi. Mzee wa baraza la kahawa akisikia hilo atatikisa kichwa, lakini mambo hayo mawili ya mwanzo hatuna la kuwalaumu. Kila mwezi wanafunga siku moja na kile ambacho wangekula wanampa maskini. Jirani wa namna hiyo si wa kumdharau.

Sasa kitabu. Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 Marekani, katika familia ya wakulima iliyokuja kukaa jimbo la New York. Alisema kwamba mwaka 1823, akiwa na miaka 17, alijiwa na malaika aitwaye Moroni akamwonyesha kilima kilichofukiwa mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya kale. Mwaka 1827, kwa maelezo yake, akapewa ayachukue. Alikuwa akitia jiwe maalumu ndani ya kofia, anainamisha uso humo, kisha anatamka maneno na karani anaandika. Hilo si la maadui wake kumzulia. Kanisa lenyewe linalieleza, na mwaka 2015 lilitoa picha ya jiwe moja linalolihifadhi. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa 1830, na kanisa likaanzishwa mwaka huohuo tarehe 6 Aprili. Mabamba, wanasema, malaika aliyarudisha. Kilichobaki ni ushahidi wa wanaume 11 waliotia saini kuwa waliyaona. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844 akiwa jela, na wengi wa wafuasi wake wakahamia Utah kuanzia 1847 chini ya Brigham Young.

Kitabu kinasimulia jamaa waliotoka Yerusalemu miaka kama 600 kabla ya Nabii Isa, wakavuka bahari hadi Amerika, wakazaana na kugawanyika mataifa mawili, Wanefi na Walamani, wakapigana hadi Wanefi wakamalizika. Kinasema pia kuwa Isa aliwatokea huko.

Kwetu sisi Waislamu jawabu la kidini ni fupi. Mtume Muhammad (SAW) ndiye wa mwisho, na baada yake hakuna mtume wala kitabu. Hapo sina la kuongeza wala kupunguza. Ila jawabu hilo ni letu sisi kwa sisi. Ukimpa Mmormoni hajajibiwa, kwa sababu yeye hakianzii pale unapoanzia wewe. Na kijana anayeuliza sana huwa ana swali jingine nyuma ya lile la kwanza.

Hebu tutenganishe mambo mawili. Ukisema Mungu amesema na mtu fulani, hakuna maabara Kenya wala ng'ambo itakayolipima hilo. Lakini ukisema watu wa Yerusalemu waliishi Amerika, wakawa na farasi, ngano na chuma cha pua, hayo ni madai ya historia. Historia huacha mifupa, mbegu, vigae na damu ya vizazi. Hayo yanapimika.

Na yamepimwa. Farasi wa Amerika walitoweka maelfu ya miaka kabla ya enzi zinazosimuliwa, wakarudi na Wahispania baada ya 1492. Vipimo vya DNA vinaonyesha kuwa wenyeji wa Amerika asili yao ni Asia, upande wa Siberia, si Yerusalemu. Utangulizi wa kitabu hicho uliotiwa mwaka 1981 ulikuwa ukiwaita Walamani kuwa ndio wazazi wakuu wa wenyeji hao. Kufikia 2007 ulikuwa umebadilishwa, na sasa Walamani wanatajwa kuwa miongoni tu mwa wazazi wao. Tena kuna maandiko mengine, Kitabu cha Ibrahimu, ambayo Smith alisema ameyatafsiri kutoka karatasi za mafunjo za Misri zilizonunuliwa 1835. Vipande vya mafunjo hayo vilipatikana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kanisa likarudishiwa mwaka 1967. Wataalamu wa Kimisri cha kale walipovisoma wakakuta ni maandishi ya maziko, hayamtaji Ibrahimu. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikiri kwa maandishi kuwa vipande hivyo havilingani na kitabu.

Haki ni kuwasikiliza na wao. Wasomi wao wanasema jamaa wale walikuwa wachache, damu yao ikazama katika damu ya wengi. Wanasema neno farasi huenda lilitumika kwa mnyama mwingine. Kuhusu mafunjo, wengine wanasema sehemu kubwa ilipotea, wengine kwamba yalikuwa sababu tu ya ufunuo kuja. Mimi majibu hayo hayanitoshi. Lakini ni majibu ya watu wanaofikiri, si ya wapumbavu.

Hapa ndipo wengi wetu tungefunga kitabu na kushangilia. Ngoja kwanza. Mizani tuliyotumia kwa jirani tuitie na vyetu.

Tuanze karibu. Wazee wetu wa Pwani wamesimulia miaka nenda miaka rudi kuwa Waswahili wana damu ya Washirazi. Wasomi wengi waliipuuza hadithi hiyo, wakasema imetungwa ili watu wajipe ukubwa. Machi 2023 jarida la sayansi la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili ikiwemo Kilwa, Manda na Mtwapa, hapo ng'ambo ya daraja ukitoka Shanzu. Mmoja wa watafiti wakuu ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba. Walikuta kuwa kuanzia kama mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, wengi wao wa asili ya Uajemi, walioana na wanawake wa Kiafrika. Kwa upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Kwa hivyo wazee hawakusema uongo, ila hadithi yao ilimtaja sana baba na kumsahau mama. Sayansi ileile iliyoinyima nguvu hadithi ya Walamani, yetu imeipa nguvu nusu na nusu ya pili imeisahihisha. Anayeifurahia DNA inapomgusa Mmormoni asiikimbie inapomwambia kuwa bibi yake ni Mwafrika.

Twende kwenye jambo zito zaidi. Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitangaza kuwa kurasa za Qur'ani walizo nazo zimepimwa kwa kaboni, na ngozi iliyoandikiwa ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Yaani inagusa zama za Mtume (SAW) na masahaba. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kipimo kilitwambia umri wa ngozi. Hakikutwambia kuwa Jibril alishuka. Hilo tunaliamini kwa njia nyingine, na tulikuwa tunaliamini kabla maabara hiyo haijajengwa.

Ndiyo maana mimi sipendi ile mihadhara yetu inayotafuta kila uvumbuzi mpya ndani ya aya. Tangu daktari Mfaransa Maurice Bucaille atoe kitabu chake mwaka 1976, wahubiri wengi wameshika njia hiyo. Sayansi hujirekebisha kila siku, na huo ndio uzuri wake. Ukiifunga imani ya mwanao kwenye nadharia ya leo, kesho nadharia ikivuliwa, imani itabaki imeshika nini?

Na kuna swali ambalo Mwafrika ana haki ya kumwuliza Mmormoni kwa adabu. Kwa zaidi ya miaka 100, mpaka Juni 1978, kanisa lao halikumruhusu mwanamume mweusi kupata ukuhani. Sasa kanisa limezikana sababu zilizokuwa zikitolewa. Uliza, lakini ujiandae na wewe kuulizwa kuhusu soko la watumwa la Unguja, lililofungwa 1873, na nani walikuwa wakiuza na kununua pale.

Msomaji atasema, haya yote ya nini, si kila mtu na dini yake? Nasema kwa sababu sisi wa bara ya Mombasa tunajua gharama. Machi 2014 watu waliokuwa wakisali kanisani Likoni walipigwa risasi, sita wakafa. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400, ya watu walioambiwa kuwa kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Siwafananishi Wamormoni na watu wa Shakahola hata chembe. Nasema kuna hatari mbili. Moja ni kumchukia jirani kwa kitabu chake hadi damu imwagike. Nyingine ni kumfuata mtu anayedai kasikia sauti ya Mungu bila kumwuliza neno. Kuuliza kwa adabu kunatukinga na zote mbili. Dini yetu inatuamuru tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, Suratul Hujurat, na inatukataza kutukana wanavyoviabudu wengine, Suratul An'am. Amri zote mbili ni za siku moja, hazipokezani zamu.

Basi wanangu wa Likoni na Kisauni, wakija vijana wa mashati meupe, wakaribisheni. Chai hawanywi, wapeni maji ya madafu. Wasikilizeni, kisha waulizeni habari za farasi, mafunjo na mwaka 1978. Nao wakikuulizeni habari za kukusanywa kwa Msahafu wakati wa Sayyidna Uthman, msipandishe sauti. Jibuni mnalolijua, na msilolijua nendeni mkasome kwa masheikh wenu na vitabuni.

Wallahu aalam.